Jina Lililokuwa Kwenye Santuri

Redioni walimwita Kiilu Mwangangi. Mtangazaji alilitamka kwa madaha, kisha saksafoni ya kaka yangu ikaanza kulia, na watu wa Mbooni wakanyamaza kumsikiliza mtoto wao. Mimi nilikuwa nakasirika. Kiilu lilikuwa jina lake, hilo halina ubishi. Mwangangi lilikuwa jina la mtu aliyelitaka shamba letu, na kaka yangu alijibandika jina hilo mwenyewe, akiwa na akili timamu.

Naitwa Kalondu. Vijana wanaopenda muziki wa zamani hunijia niwaeleze maisha ya Kiilu, na kila mara wanataka kusikia habari za Nairobi, suruali za bugaluu na wasichana. Hayo nitayagusa. Lakini anayetaka kujua kwa nini mpulizaji bora aliyewahi kutoka milima yetu hakupanda ndege mwaka wa sabini na nne, lazima avumilie nianze na ndoa ya nyanya yangu.

Nyanya huyo aliitwa Mbinya, nasi tulimwita Susu. Aliolewa na Mbuvi, akazaa wasichana watatu, wote wakaolewa mbali. Mbuvi akafa mwaka wa 1938 bila mtoto wa kiume. Kwetu Ukambani mjane wa namna hiyo hakuachwa akae akingoja kufukuzwa. Aliruhusiwa kuoa. Naam, kuoa: alitafuta msichana, akapeleka mbuzi na ng'ombe kwao, wazee wa pande mbili wakakaa, na msichana akaja nyumbani kwake akiwa mke. Mke wa aina hiyo huitwa iweto. Watoto aliowazaa, na hakuna aliyeuliza amezaa na nani, walikuwa wa nyumba ile, na mwanamke aliyetoa mahari ndiye aliyekuwa baba yao. Susu alimwoa mama yetu, Nthenya, mwaka wa arobaini na tano. Kiilu alizaliwa mwaka uliofuata, mimi nikaja miaka mitano baadaye.

Basi baba yetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye meno yaliyochongwa, aliyelima kuliko wanaume na kunusa ugoro kuliko wote. Utotoni hatukuona ajabu. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na nyumba nyingine kama yetu. Aibu tulifundishwa baadaye, pale mwalimu wa Jumapili alipowaambia watoto kanisani kwamba mwanamke kumwoa mwanamke ni giza la zamani. Nilirudi nyumbani nikamwuliza Susu kama sisi ni giza. Aliniambia nikachote maji.

Mwangangi alikuwa mtoto wa ndugu yake Mbuvi, na shamba lake lilipakana na letu upande wa chini. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri ya kuomba, watoto sita wa kiume na kishamba kidogo cha mawe. Sitamfanya shetani. Aliamini kwa dhati kwamba Mbuvi alikufa bila mrithi, na kwamba yeye ndiye damu ya karibu. Lakini imani inayokupa ekari kumi na mbili zenye chemchemi ni rahisi sana kuishika.

Mwaka wa sitini na nne jeshi lilikuja Machakos kuandikisha vijana. Kiilu alikuwa na miaka kumi na minane, kifua kipana, miguu ya kupanda milima. Ilibidi asindikizwe na mwanamume wa ukoo, na aliyejitolea kwa moyo mkunjufu alikuwa Mwangangi. Kiilu alikimbia, akapimwa, akafunuliwa mdomo kama ng'ombe wa mnadani, akapita. Kisha akafika mezani kwa karani, akaulizwa jina la baba.

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya vijana, wengine aliosoma nao. Angesema Mbinya, wangecheka mpaka Nairobi. Angesema Mbuvi, ingekuwa shida nyingine, maana lilitakiwa jina la baba aliye hai, na Mbuvi alikufa miaka minane kabla Kiilu hajazaliwa. Hata karani wa jeshi anajua hesabu ya kutoa. Kiilu alitazama kando akamwona Mwangangi amesimama pale na kofia yake mkononi. Akataja jina hilo. Karani akageuka akamwuliza Mwangangi kama ni kweli, naye Mwangangi, mzee wa kanisa, akaitikia na kutia kidole gumba.

Hakuna aliyetuambia. Nilijua kutokana na barua yake ya kwanza, kwa sababu mimi pekee ndiye niliyejua kusoma nyumbani, na nyuma ya bahasha aliandika jina lake jipya lote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliwasomea Susu na mama barua yote, salamu kwa mbuzi zikiwemo, na jina nikaliruka. Nilidhani ninamfichia kaka yangu aibu. Makosa yake nayajua vizuri kwa sababu na mimi nilikuwa na fungu langu.

Jeshini aliwekwa kwenye bendi. Sajini mmoja Mwingereza, aliyebaki baada ya Uhuru, aliwapanga vijana mstari akawatazama meno na vidole, akamchagua Kiilu. Alianza na kilarineti, baada ya mwaka mmoja akapewa saksafoni. Alifundishwa kusoma noti, kupumua kwa tumbo, na kupuliza akitembea bila kutikisa sauti. Alipokuja likizo alikuwa akipanda njia ya kwetu kutoka chemchemini hadi nyumbani, mlima ambao mtu asiye na mzigo huupumzikia mara mbili, huku ameshika sauti moja tu. Akikatika, anarudi chini kuanza upya. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimcheka. Walikiita chombo chake tarumbeta, naye akachoka kuwasahihisha.

Alitoka jeshini mwaka wa sabini, akaingia Nairobi kwenye bendi iliyoitwa Mwendo Saba. Kiongozi wao alikuwa Kang'ethe, mpiga gitaa kutoka Murang'a, mtu mwembamba asiyecheka ovyo na asiyechelewa. Siku za kazi walipiga jazi hotelini wazungu wakila, na Jumapili mchana walipiga bugi, dansi ya vijana, na hapo ndipo fanki ilipotawala. Nilimwuliza Kang'ethe tofauti yake ni nini. Alisema kwenye jazi saksafoni inazungumza, kwenye fanki inagombana.

Na Kiilu alijua kugombana. Alikuwa akikata sauti fupi fupi, mbili au tatu, ananyamaza, anawaacha watu wa besi na ngoma wahangaike peke yao, kisha anarudi pale ambapo humtarajii. Nilimwona mara moja akifanya hivyo, ukumbi mzima umesimama kumngoja, naye amefumba macho na jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nilijivuna hadi nikasahau kumkasirikia. Ulimi wa tete, kile kibanzi chembamba kinachotoa sauti mdomoni mwa saksafoni, ulikuwa adimu madukani, kwa hiyo alikata matete ya mto Athi akayakwangua kwa wembe. Kumi alitupa, mmoja ulilia. Huo mmoja aliufunga ndani ya kitambaa kama dawa.

Mwaka wa sabini na mbili walitoa santuri yenye wimbo wake mwenyewe, "Mteremko wa Mbooni." Ilipigwa redioni miezi mingi. Mara ya kwanza tulipoisikia, tulikuwa uani tukipukuchua maharagwe, na redio ilikuwa ya jirani. Mtangazaji akasema Kiilu Mwangangi. Mama aliacha mikono hewani. Susu aliendelea kupukuchua, na mimi sikuthubutu kuinua uso.

Miaka miwili ikapita. Kisha chifu akaita baraza akatangaza kwamba mashamba ya kilima chetu yatapimwa, na kila shamba litaandikwa jina la mwenyewe, moja kwa moja, milele. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi ya juma la pili la Agosti. Kamati ya wazee ingefika, na mrithi wa kiume angeutembea mpaka wa shamba mbele yao. Nyumba isiyo na mwanamume wa kutembea mpaka, shamba lake lingeandikwa kwa jamaa wa karibu. Mwangangi alikuwa amekaa mstari wa mbele, akitikisa kichwa taratibu kama mtu asikiaye mahubiri mazuri.

Susu alikuwa na zaidi ya miaka sabini na mitano. Mama hakuwa na kwao pa kurudi. Mimi nilikuwa mwalimu asiye na cheti, sijaolewa, wala sikuwa na haraka. Shamba likienda, sote watatu tungelala kanisani, na kanisa lilikuwa la Mwangangi. Jumatatu nilipanda lori la machungwa nikaenda Nairobi kumleta Kiilu.

Nilimkuta Jumanne asubuhi ukumbini wakifanya mazoezi, na kabla sijafungua kinywa alinikumbatia akanionyesha pasipoti. Bendi ilikuwa inakwenda Ujerumani. Jumamosi hiyo hiyo. Miezi sita ya kupiga Hamburg, na santuri kubwa ya kurekodi huko, pande zote mbili, nyimbo nne kati ya hizo zikiwa zake. Kaka yangu alikuwa na miaka ishirini na minane na sikuwahi kumwona na uso ule. Niliifungua pasipoti. Picha yake, sahihi yake, na jina la Mwangangi kwa wino usiofutika.

Nilimweleza habari za Alhamisi. Alisema ataandika barua. Nilimwambia barua haina miguu ya kutembea mpaka. Alisema basi Susu amwombe chifu asogeze siku, nami nikamwuliza kama chifu anamjua Mjerumani wake. Tuligombana kwa Kikamba mbele ya watu saba, mpaka Kang'ethe akaweka gitaa chini akauliza kuna nini. Alisikiliza yote. Mwishoni alimwambia Kiilu kwamba hata yeye baba yake alipoteza shamba kwa kutokuwapo siku moja, kwa hiyo aende, lakini Ijumaa saa kumi na moja jioni awe amerudi. Asiporudi, Evanson atachukua nafasi yake. Evanson alikuwa kijana wa kilarineti aliyejifunza nyimbo zote za Kiilu kwa kumsikiliza tu, na pale ukumbini alitazama sakafu kwa adabu.

Njiani, Jumatano, nilimtajia lile jina. Nilimwuliza atasema nini akiulizwa. Alisema jina ni jina tu, la kutafutia kazi, na wazee wote wa Mbooni wanajua yeye ni wa nyumba ya nani. Nilimkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Alinijibu nilikuwa mwalimu hata nikiwa mtoto.

Alhamisi saa mbili asubuhi kamati ilifika: wazee watano, na karani mmoja kijana wa serikali aliyebeba meza ya kukunja. Mwenyekiti alikuwa mzee Kisilu, mtu mkavu ambaye hakuwa rafiki wa mtu yeyote, na kwa hiyo aliaminiwa na wote. Mwangangi alikuja na watoto wake sita, na mfuko wa kitambaa uliotiwa kitu bapa. Niliutazama ule mfuko, nikadhani ni Biblia.

Kiilu alikuwa amevaa bugaluu na viatu vya kisigino kirefu, kwa kuwa hakuwa na vingine. Mtoto mmoja wa Mwangangi akauliza kwa sauti kama huyu amekuja kucheza dansi. Kisilu akamwambia Kiilu atangulie, awaonyeshe mpaka, na sisi wanawake tukaambiwa tubaki uani tusiseme kitu. Kaka yangu akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kutembea.

Mpaka wetu ulikuwa safu ya mkonge. Upande wa juu haukuwa na taabu. Upande wa magharibi alifuata mkonge hadi kwenye jabali, akalitaja kwa jina lake, wazee wakaitikia. Lakini alipogeuka kushuka upande wa Mwangangi, mkonge haukuwepo. Ulikuwa umeng'olewa hatua hamsini nzima, na mahali pake pamelimwa na kupandwa mbaazi, kuja mpaka kwenye chemchemi. Mimi nilijua. Tuliamka asubuhi moja mwaka uliotangulia tukakuta kazi imekwisha fanywa. Kiilu hakujua, na mimi, katika kugombana naye siku mbili, nilisahau kumwambia.

Alisimama. Kutoka uani niliona mgongo wake tu. Watoto wa Mwangangi walisimama nyuma yake wakingoja akanyage mahali pasipokuwa mpaka, maana hatua moja ya uongo ingetosha. Mama alinishika mkono kwa kucha. Kiilu aliweka mguu wake mtupu kwenye udongo, akapapasa, akasogea, akapapasa tena, polepole, kama mama apapasaye uji kuona kama umepoa. Kisha akainama, akachimba kwa vidole, akatoa kisiki cha mkonge. Ukiung'oa mkonge mkubwa kwa haraka, mzizi mnene hubaki chini. Alihesabu hatua tatu, akachimba, akatoa kingine. Alitoa saba. Kisilu aliviokota akavitazama kimoja kimoja, kisha akamtazama Mwangangi.

Nilianza kulia kwa furaha, mpumbavu mimi.

Waliporudi uani karani akafungua daftari, akauliza jina la mrithi. Hapo Mwangangi akasimama, akavua kofia. Alisema kwa upole kabisa kwamba mpaka haupingi. Watoto walipitiliza kwa jembe, atawaonya. Yeye anauliza jambo moja tu: huyu kijana ni wa nani? Akafungua mfuko wake wa kitambaa akatoa santuri ya "Mteremko wa Mbooni." Aliiweka mezani mbele ya karani, ile karatasi ya katikati ikimwelekea, akamwomba asome. Karani akasoma: saksafoni, Kiilu Mwangangi. Wazee wakaguna.

Mwangangi akaendelea. Jina hili limetangazwa redioni miaka miwili, Kenya nzima imelisikia, na Kiilu hakulikana. Jeshini aliandikisha hivyo hivyo, na yeye Mwangangi alitia kidole. Kitambulisho chake kinasema hivyo. Mtoto ni wangu, akasema, na kwa kuwa ni wangu, nyumba ya Mbuvi haina mrithi. Shamba liandikwe kwangu, nami kama baba nitamgawia mwanangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwetu kilikuwa kimetia kidole gumba miaka kumi kabla, kikangoja.

Kisilu akamwuliza Kiilu kama jina lile ni lake. Kiilu akasema ni la kazi tu, na akaanza kueleza habari ya foleni na karani wa jeshi. Kisilu akamkatiza. Alisema kamati yake haiandiki hadithi. Kijana aseme moja, mbele ya serikali: ama jina lile ni la kweli, ama aliidanganya serikali. Hapo yule karani kijana, ambaye naamini alimwonea huruma, akamwonya. Akisema alidanganya, itaandikwa. Itabidi kesho yake aende Machakos kula kiapo na kubadilisha karatasi zote zenye jina hilo, asipofanya hivyo uamuzi hautashika. Akauliza kama ana karatasi nyingine ya serikali zaidi ya kitambulisho.

Kiilu akaingiza mkono kwenye koti akatoa pasipoti. Karani akaifungua, akaona viza na tarehe ya Jumamosi. Akasema hiyo pia ingerudishwa, na mpya huchukua miezi.

Nitasema ukweli: nilimwona kaka yangu akifikiri. Hakukimbilia kusema neno zuri. Alishika ile pasipoti kwa mikono miwili, akatazama barabara, akatazama chini, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama anavyofanya anapohesabu mapigo kabla ya kuingia kwenye wimbo. Mwangangi alikuwa ametulia, kwa maana kwa hesabu yake mtu wa dunia huchagua dunia. Na mimi niliyemleta kwa lori la machungwa nilijikuta siwezi hata kumwombea, kwa kuwa nilijua ninachoomba.

Wanawake tulikatazwa kusema. Susu akasema. Hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Kiilu, kama ni kwenda, wewe nenda. Mimi nilioa nipate mtu. Sikuoa nipate shamba."

Kisilu hakumkemea. Kiilu akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika sana. Nadhani alikasirika kwa sababu Susu alimfungulia mlango, na mlango ukishafunguliwa huwezi tena kusema ulifungiwa. Akaiweka pasipoti mezani, juu ya santuri yake mwenyewe.

"Andika nilidanganya," alimwambia karani. "Baba yangu ni Mbinya."

"Mbinya nani? Jina ya mume?"

"Mbinya. Ni huyo mama ameketi hapo."

Mtoto mmoja wa Mwangangi alicheka, na hakuna aliyemfuata. Karani akaandika. Mwangangi akavaa kofia, akachukua santuri yake, akateremka shambani kwake na watoto wake nyuma, na Jumapili iliyofuata aliongoza maombi kama kawaida.

Ijumaa, wakati Kang'ethe akitazama saa Nairobi, Kiilu alikuwa kwenye benchi la ofisi Machakos akingoja kula kiapo. Pasipoti ilibaki kwenye droo huko. Jumamosi bendi iliruka na Evanson. Walirekodi zile nyimbo nne, na watu walioisikia ile santuri ya Ujerumani walisema kijana anapuliza vizuri. Evanson hakurudi. Alioa huko, akafundisha muziki huko, na nasikia ana nyumba yenye bustani.

Kiilu alikaa nyumbani miezi sita bila kugusa saksafoni na bila kumsemesha Susu. Alilima, alipanda, alizungushia chemchemi ukuta wa mawe, yote kwa hasira. Hati ilipotoka alifanya jambo ambalo lilisemwa Mbooni kwa miaka: aligawa shamba nusu kwa nusu akaandikisha nusu kwa jina langu. Nilimwuliza kwa nini. Alisema amechoka kuitwa kutoka mbali.

Kisha akarudi kwenye kazi yake, lakini kazi haikumngoja. Alirekodi santuri mbili kwa jina la Kiilu Mbinya. Hakuna aliyemjua, na mtangazaji mmoja aliwaambia watu kuwa huyo ni mwanamke. Magitaa ya benga yalishachukua vilabu vyote, na baadaye wakaja watu wa disko na mashine zao. Alipiga Sultan Hamud, Emali, Kibwezi, miji ya barabara ya Mombasa ambako watu hunywa huku wakitazama kama lori lao limeondoka. Susu alikufa mwaka wa themanini na moja, yeye na Kiilu wakiwa wameshaanza kusemezana tena, kidogo, habari za mvua na ndama. Kiilu alifundisha bendi za shule Matinyani, halafu Ikutha, miaka tisa, na alikuwa mkali. Mapafu yake yalipoanza kumsumbua alirudi Mbooni, mwaka wa tisini na tatu, akajenga upande wake wa mpaka.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, siku ya kuvuna maharagwe. Mama, ambaye sisi watoto wake tulimwita Mwaitu, mzee sana sasa, alikuwa kivulini akipukuchua. Kiilu alinisaidia mstari wangu, akipumzika kila hatua chache. Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda nilitaka kutua mzigo. Nilimwuliza kama anajuta.

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimejenga juu ya udongo ule, nimekula machungwa yake miaka ishirini na miwili, nimekataa wanaume wawili kwa sababu nilikuwa na pangu pa kukaa. Nilikuwa nimelitayarisha hilo hapana lake, nimeliweka tayari nilipokee.

"Kila siku, Kalondu," alisema. "Lakini usimwambie Mwaitu."

Nilikasirika kwanza, kama ilivyo desturi yangu, kisha nikaona haya. Kwetu mtu wa nyumbani hashukuriwi kwa kufanya la nyumbani. Ni kama kumshukuru mkono wako kwa kukulisha. Kwa hiyo Susu alikufa bila kumshukuru, mama hakuwahi, nami niliyepewa nusu ya shamba niliuliza kwa nini, sikusema neno jingine. Miaka yote hiyo tulikula kitu chake bila kukitaja, tukiita hiyo heshima.

Nilimwambia asante. Nilisema kwa sauti ya chini, na ilinitoka vibaya, kama neno la lugha ya wageni. Kiilu alisimama na fungu la maharagwe mkononi akanitazama muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akaketi pale pale katikati ya mstari, akafunika uso kwa kofia yake, akalia mpaka mama akauliza kutoka kivulini nani amekufa.